Camille Flammarion: Mtoto wa maskini aliyewafungulia walalahoi mlango wa nyota

KATIKA shule ya wakimbizi niliyosomea kulikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Kilijaa picha za mwezi, jua na sayari, na kila aliyekishika hakutaka kukirudisha. Tulikigombea kama watoto wanavyogombea mpira wa matambara. Hakuna aliyejua kimeandikwa na nani.

Jina la mwandishi nilikuja kulijua baada ya kurejea nyumbani, nilipokikuta kitabu hicho hicho mahali pengine kikiwa na jalada lake. Ni Camille Flammarion, Mfaransa aliyefariki dunia mwaka 1925, na kitabu chenyewe ni Astronomie populaire, yaani elimu ya nyota kwa watu wote, kilichotoka mwaka 1880.

Nawaandikia habari zake hasa wale ndugu zetu ambao hulala mpakani juu ya mizigo yao wakisubiri geti lifunguliwe alfajiri, huku Kilimia na Mshtarii vikiwaka juu ya vichwa vyao. Bwana huyu aliwaandikia watu wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo wakubwa wa taaluma yake hawakumpenda.

Flammarion alizaliwa Februari 26, 1842 katika kijiji cha Montigny-le-Roi, mashariki mwa Ufaransa, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Alipokuwa na umri wa miaka mitano jua lilipatwa, na mama yake akaweka ndoo ya maji uani ili watoto walitazame humo bila kuumiza macho. Hata huku kwetu wazee walifanya vivyo hivyo kwa karai. Mtoto yule hakuisahau ndoo ile hadi uzee wake.

Wazazi wake walitaka awe padri, wakampeleka kusoma kwa mapadri katika mji wa Langres. Lakini biashara ya nyumbani ikafilisika, familia ikahamia Paris kutafuta riziki, na kijana naye akalazimika kuacha shule. Akawekwa kwa fundi wa kuchonga nakshi ajifunze kazi. Mchana alichonga, usiku alisoma hesabu, Kiingereza na Kilatini kwa mwanga wa mshumaa, na mara nyingine kwa mwanga wa mwezi pale mshumaa ulipokosekana.

Mwili ukachoka, akaugua. Daktari aliyekuja kumtibu akaona mezani rundo la karatasi. Lilikuwa ni kitabu kizima kuhusu asili ya ulimwengu, kilichoandikwa na kijana wa miaka 16 asiye na cheti chochote cha maana. Daktari huyo akampeleka kwa Urbain Le Verrier, mkuu wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Paris. Huyu ndiye aliyepata sifa duniani mwaka 1846 kwa kupiga hesabu zilizoonyesha mahali ilipo sayari ya Neptuni kabla mtu yeyote hajaitambua kwa darubini.

Hivyo mwaka 1858 Flammarion akaajiriwa kituoni hapo. Msomaji asidhani kwamba alipewa darubini. Alipewa meza, kalamu na majedwali ya namba, ajumlishe na kutoa kutwa nzima. Nyota zilikuwa juu ya paa, yeye alikuwa chini ofisini.

Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 20, alichapisha kijitabu kuhusu uwezekano wa kuwapo viumbe katika dunia nyingine. Kilinunuliwa kwa wingi, kikachapwa tena na tena na kukuzwa kila kilipochapwa. Le Verrier hakufurahi hata kidogo. Kwake yeye, karani wa hesabu anayewaandikia watu wa mitaani hakuwa mwanasayansi. Kijana akajikuta nje ya ajira.

Hapo ndipo maisha yake halisi yalipoanza. Alipata kibarua cha hesabu katika ofisi nyingine ya serikali, akaanza kuandika makala magazetini na kutoa mihadhara jioni kwa wafanyakazi. Alipanda angani kwa puto mara kadhaa kuanzia mwaka 1867 kupima unyevu wa hewa na mwendo wa mawingu. Mwaka 1874 alimuoa Sylvie Pétiaux, na fungate yao ilikuwa safari ya puto kutoka Paris hadi mji wa Spa, nchini Ubelgiji. Bibi huyo hakuwa wa kukaa pembeni. Alishirikiana na mumewe kazini, na mwaka 1899 akaanzisha chama cha wanawake cha kudai amani na kupunguzwa kwa silaha.

Kile kitabu cha mwaka 1880 kilitoka kwanza kwa vipande, ili mtu wa kipato kidogo anunue kidogo kidogo, kama mama wa sokoni anavyouza mafuta kwa kipimo cha kijiko. Kilichapishwa na mdogo wake, Ernest, aliyeanzisha kampuni ya vitabu ambayo jina lake lipo hadi leo. Nakala zaidi ya 100,000 ziliuzwa, idadi kubwa mno kwa kitabu cha sayansi wakati ule.

Siri ya mauzo hayo si picha peke yake. Nimefundisha kwa miaka mingi, na nakiri kwamba ni wachache walioweza kufanya alichofanya Flammarion. Alikuwa akimshika msomaji mkono kuanzia ardhi anayoikanyaga. Anaanza na dunia inayozunguka, anakwenda mwezini, anafika kwenye jua, kisha sayari moja baada ya nyingine, na mwisho nyota za mbali. Namba anazitoa, tena nyingi, lakini kila namba anaifunga na kitu ambacho msomaji amewahi kukiona: mwendo wa treni, risasi ya mzinga, sauti inayosafiri hewani.

Baadhi ya wasomaji wake walimlipa kwa namna ya ajabu. Mwaka 1882 tajiri mmoja wa Bordeaux, aitwaye Méret, alimpa zawadi ya nyumba kubwa pamoja na bustani yake huko Juvisy, kusini mwa Paris. Nyumba hiyo ilikuwa zamani kituo cha kubadilishia farasi, na ndipo Napoleon alipopata habari mwaka 1814 kwamba Paris imesalimu amri. Flammarion akajenga kuba juu ya paa na kuweka darubini yenye kioo cha sentimita 24. Yule karani aliyefungiwa ofisini sasa alikuwa na kituo chake mwenyewe. Mfalme Pedro wa Pili wa Brazil alikwenda kukitembelea mwaka 1887.

Huko Juvisy hakuchunguza nyota tu. Alijenga vibanda vya vioo vya rangi mbalimbali na kupanda mimea ndani yake, akaona kuwa iliyo chini ya kioo chekundu ilirefuka kuliko iliyo chini ya kioo cha bluu.

Januari 1887 aliwakusanya wenzake nyumbani kwake, mtaa wa Cassini jijini Paris, wakaunda chama cha elimu ya nyota cha Ufaransa. Mlango ulikuwa wazi kwa profesa, seremala, mwalimu wa kijijini na wanawake pia, wakati ambapo vyama vingi vya wasomi viliwafungia. Mwaka 1902 chama hicho kilirudia ndani ya jengo la Panthéon lile jaribio la mwanasayansi Foucault, la kuning'iniza tufe zito kwa waya wa mita 67 ili watu waone kwa macho yao kwamba dunia inazunguka. Kuanzia mwaka 1904 wakawa wanakutana kwenye mnara wa Eiffel kila Juni kusherehekea jua.

Kwa upande mwingine, mapenzi yake kwa viumbe wa dunia nyingine yalimponza. Mwaka 1877 Mtaliano Schiaparelli alisema ameona mistari juu ya sayari ya Mirihi, na neno la Kitaliano alilolitumia likatafsiriwa kuwa ni mifereji, kana kwamba kuna waliochimba. Flammarion alikusanya kila kilichowahi kuandikwa na kuchorwa kuhusu Mirihi, akatoa kitabu kikubwa mwaka 1892. Kazi hiyo ni ya thamani hadi leo, lakini ndani yake aliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mifereji ile ni kazi ya viumbe wenye akili. Tajiri wa Kimarekani, Percival Lowell, alikisoma, na mwaka 1894 akajenga kituo chake huko Arizona kuwatafuta wachimbaji hao.

Mambo yakafika mbali. Mama mmoja Mfaransa, ambaye mwanawe alikuwa msomaji mkubwa wa Flammarion, aliacha wosia wa zawadi ya faranga 100,000 kwa atakayewasiliana na viumbe wa sayari nyingine. Mirihi haikuhesabiwa, kwa kuwa ilidhaniwa kuwasiliana nako ni rahisi mno!

Aliyesaidia kuivunja hadithi hiyo alikuwa mtu wa nyumbani kwake. Eugène Antoniadi, aliyefanya kazi Juvisy kwa miaka kadhaa kuanzia 1893, alikuja kuitazama Mirihi mwaka 1909 kwa darubini kubwa zaidi ya Meudon, akaona mistari ile si mistari bali ni madoadoa ambayo jicho huyaunganisha. Mwaka 1965 chombo cha Marekani kilipita karibu na sayari hiyo na kupiga picha. Mifereji haikuwepo.

Mwaka 1910 ndio uliomletea fedheha kubwa. Nyota yenye mkia ya Halley ilikuwa inakaribia, na wataalamu waligundua gesi ya sumu katika mkia wake. Magazeti ya Marekani yakatangaza kwamba Flammarion anaamini gesi hiyo ingeweza kuua viumbe wote duniani. Alikanusha na kueleza kuwa mkia ule ni mwepesi mno usioweza kudhuru, lakini maneno yalikwishatoka. Watu waliziba nyufa za milango, na matapeli wakauza vidonge vya kuzuia nyota. Mwezi Mei dunia ikapita, na watu wakaamka salama. Kwa maoni yangu magazeti yalimwonea, ingawa naye alikuwa amewazoesha wasomaji wake. Mwaka 1894 alitoa riwaya kuhusu mwisho wa dunia ambamo nyota yenye mkia inaigonga dunia.

Kuna pia suala la mizimu, ambalo wapenzi wake wengi hulipita kimya. Tangu ujana alihudhuria vikao vya kuita roho za wafu, na mwaka 1869 alizungumza kwenye mazishi ya Allan Kardec, kiongozi wa imani hiyo. Katika vikao hivyo kijana Flammarion aliandika kurasa zilizosemekana kuletwa na roho ya Galileo. Baadaye yeye mwenyewe alizikagua akaona hazina jipya hata moja. Zilirudia yale tu yaliyokuwa yakijulikana wakati huo, pamoja na makosa yake. Akaandika hadharani kwamba zilitoka kichwani mwake. Hata hivyo hakuacha kuchunguza mambo hayo hadi uzeeni.

Sylvie alifariki mwaka 1919, na mwaka huo huo Flammarion akamuoa Gabrielle Renaudot, mwanafalaki aliyekuwa akifanya naye kazi. Alifariki Juni 3, 1925 pale Juvisy, akazikwa kwenye bustani ya kituo chake. Gabrielle aliendeleza kituo na chama hadi alipofariki mwaka 1962, na nyumba ikawa mali ya chama. Chama kingali hai, na jarida aliloanzisha Flammarion mwaka 1882, L'Astronomie, bado linatoka.

Jina lake limepewa mashimo mawili, moja mwezini na jingine juu ya Mirihi. Jina la Triton, mwezi mkubwa wa Neptuni, ni yeye aliyelipendekeza. Na picha ya yule msafiri aliyepiga magoti ukingoni mwa dunia, kichwa amekipenyeza nje ya anga akitazama magurudumu ya ulimwengu, ambayo wengi hudhani ni ya kale sana, ilionekana kwa mara ya kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1888. Nimeiona kwenye majalada ya vitabu na hata kwenye fulana za mitumba, na waliozivaa hawakujua ilikotoka.