Major Taylor: Mkali wa baiskeli aliyefungiwa uwanja nyumbani kwao

KABLA wachezaji weusi hawajaanza kurushiwa maganda ya ndizi kwenye viwanja vya soka Ulaya, kuna jamaa alishamwagiwa maji ya barafu na kutegewa misumari akiwa juu ya baiskeli. Huyo ni Marshall Taylor, maarufu kama Major Taylor, bingwa wa dunia wa mwaka 1899.

Alizaliwa Novemba 26, 1878 mjini Indianapolis, Marekani. Baba yake alikuwa mwendesha gari la farasi wa familia moja tajiri ya wazungu, na familia hiyo ndiyo iliyompa dogo baiskeli. Akaiva kwa sarakasi, hadi duka moja la baiskeli likamwajiri azionyeshe nje ili kuvuta wateja. Alizicheza akiwa na sare ya kijeshi, na hapo ndipo jina la Major, yaani Meja, lilipoanzia.

Mwaka 1896 alivunja rekodi kwenye uwanja wa baiskeli wa Indianapolis. Badala ya kupongezwa, akapigwa marufuku kukanyaga hapo tena, kisa rangi yake. Tayari alikuwa amehamia Worcester, Massachusetts, pamoja na bosi wake, Louis Munger, mtengenezaji wa baiskeli. Desemba mwaka huohuo aliingia mbio za siku sita Madison Square Garden, New York. Akiwa na miaka 18 tu, alimaliza wa nane, baada ya kukanyaga zaidi ya kilomita 2,700. Si mchezo!

Lakini silaha yake hasa ilikuwa mbio fupi. Taylor alikimbia ameinama, mgongo umelala kama meza. Ili mikono ipate nafasi, alitumia shingo ya usukani iliyochomoza mbele, ambayo usukani uliweza kusogezwa kisha kukazwa. Wapenzi wa baiskeli za zamani bado wanaiita shingo hiyo kwa jina lake. Alichokijua ni kwamba usukani unafuata mwili na kazi, kama kiatu cha soka kinavyofuata mguu.

Mkao ule ulikuwa wa mbio za dakika mbili hivi. Anayekwenda kazini au sokoni, akiumwa mgongo na viganja kufa ganzi, anahitaji kinyume chake: usukani upande juu. Kwa baiskeli ya kawaida, boliti ya juu ya shingo hulegezwa mizunguko michache bila kuitoa, kisha hugongwa taratibu juu ya kipande cha mbao ili kabari ya ndani iachie. Hapo shingo hupanda. Ila kuna alama ya mwisho iliyochorwa kwenye shingo: ikionekana nje ya fremu, umezidisha, na usukani unaweza kukuchomokea mkononi. Baada ya kukaza, bana gurudumu la mbele kwa magoti na ujaribu kuzungusha usukani. Ukicheza, kaza tena. Hakikisha pia waya za breki hazivutiki ukikata kona. Baiskeli nyingi mpya hazina shingo ya aina hiyo, kwa hiyo hapo muone fundi.

Kwa Taylor, usukani ulikuwa mikononi mwake. Wapinzani ndio hawakuwa. Walimbana, wakamziba njia, na mwaka 1897 huko Taunton, Massachusetts, mmoja wao, William Becker, alimkaba koo baada ya mbio hadi akapoteza fahamu. Adhabu ya Becker ikawa faini ya dola 50.

Jibu la Taylor lilikuja Montreal, Kanada, mwaka 1899, alipotwaa ubingwa wa dunia wa maili moja. Mwaka 1901 akatua Ulaya. Mkristo huyo wa dhehebu la Baptisti aligoma kukimbia Jumapili, na waandaaji wakapanga mbio siku nyingine. Mjini Paris, bingwa wa Ufaransa, Edmond Jacquelin, alimshinda mara ya kwanza. Waliporudiana mwezi huohuo wa Mei, Taylor akalipa kisasi. Baadaye alitamba pia Australia, ambako binti yake alizaliwa na kupewa jina la mji wa Sydney.

Alistaafu mwaka 1910. Mkwanja ukaisha kwenye biashara zilizokwama, ndoa ikavunjika, na mwishowe akawa anauza kitabu cha maisha yake mlango kwa mlango Chicago. Alifariki Juni 21, 1932 katika wodi ya maskini, akiwa na miaka 53, akazikwa kaburi lisilo na alama. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani, kwa fedha za Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha baiskeli, walimhamishia kwenye kaburi la heshima.

Indianapolis nayo ilichelewa. Mwaka 1982, miaka 86 baada ya kumfungia mlango, mji huo ulifungua uwanja mpya wa baiskeli na kuuita Major Taylor.