Mng'oa meno wa Lyon aliyewachekesha walalahoi kwa kikaragosi

KATIKA masoko ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, mng'oa meno hakuwa daktari. Alikuwa mtu mwenye koleo, kiti na mdomo mwepesi. Wengi wao waliandamana na mpiga ngoma au tarumbeta, kwa sababu mbili: kuwavuta wateja na kuzima mayowe ya mgonjwa aliyekuwa tayari kitini.

Laurent Mourguet, aliyeanza kazi hiyo mnamo 1797, alichagua njia tofauti. Mbele ya kiti chake alisimamisha kibanda kidogo cha vikaragosi. Waliokuja kucheka walibaki, na wenye meno mabovu wakajikuta wamekwisha kukaa. Hakutoza hata senti kwa kung'oa. Riziki yake ilitokana na dawa alizowauzia baadaye ili kutuliza maumivu.

Mourguet alizaliwa Machi 3, 1769, mjini Lyon, katika jamaa ya wafumaji hariri. Katika mji huo hariri ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi. Baba alifuma, mama akasokota nyuzi, na watoto wakaingia kazini wangali wadogo. Hakujua kusoma wala kuandika. Mnamo 1788 alifunga ndoa na Jeanne Esterle, na haukupita mwaka mzima kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa kuzuka.

Mapinduzi hayo yaliwaangusha wateja wakuu wa hariri, yaani mabwanyenye na kanisa. Mwaka wa 1793 Lyon iliasi serikali ya Paris, ikazingirwa na majeshi kwa miezi miwili, na ilipotekwa zaidi ya watu 1,600 wakauawa. Mitambo ya kufuma ikanyamaza. Mourguet, akiwa na familia ya kulisha, akageuka mchuuzi wa kutembeza bidhaa kabla ya kushika koleo la meno.

Kikaragosi chake cha kwanza kilikuwa cha kuazima. Alimtumia Polichinelle, yule mwenye kibyongo aliyetoka katika michezo ya Kitaliano na kujulikana kote Ulaya. Hadhira ilimpenda, na kufikia 1804 Mourguet alikuwa ameachana na meno kabisa na kuwa mchezesha vikaragosi wa kutegemea kazi hiyo tu.

Inafaa kueleza jinsi mtambo wake ulivyofanya kazi, kwani ndio uliozaa michezo yenyewe. Kikaragosi cha Lyon huvaliwa mkononi kama glavu. Kidole cha shahada huingia katika kichwa cha mbao, kidole gumba huwa mkono mmoja na kidole kingine huwa mkono wa pili. Mchezaji husimama ndani ya kibanda cha fremu na kitambaa, mikono ameinua juu ya kichwa, asionekane na yeyote. Kila kitu hukunjwa kikabebwa begani hadi uwanja wa pili.

Mtu mmoja ana mikono miwili, hivyo jukwaani hapawezi kuwa na wahusika zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Wa tatu akitaka kuingia, sharti mmoja atoke, na atoke kwa sababu inayoaminika. Ndiyo maana michezo hii imejaa watu wanaobisha hodi, wanaokwenda kuchota divai au wanaotoroka mdai. Uso wa mbao haubadiliki, kwa hiyo hasira au mshangao huonyeshwa kwa kugeuza kichwa, kutulia ghafla na kubadilisha sauti. Tena kikaragosi cha glavu kina uwezo mmoja ambao kile cha kuning'inizwa kwa nyuzi hukikosa: hukumbatia kijiti barabara na kuchapa nacho. Vipigo vinavyofunga karibu kila mchezo havikuletwa na ukatili wa mtunzi. Ni mkono wa binadamu ukifanya kile unachokiweza vyema.

Hata hivyo, Mourguet hakuwa peke yake daima. Kwa muda alishirikiana na Lambert Grégoire Ladré, aliyejulikana mitaani kama Baba Thomas, mpiga fidla na mchekeshaji ambaye alisimama nje ya kibanda na kukusanya watu. Kipaji alikuwa nacho tele, ila alipenda divai kuliko ratiba. Baadaye kibandani alitokea Gnafron, fundi viatu mwenye pua nyekundu na kiu isiyokatika. Waliomfahamu Ladré hawakuhitaji kuambiwa ametoka wapi.

Kisha mnamo 1808 akaja Guignol. Huyu hakuwa mgeni kutoka Italia bali mfumaji hariri wa Lyon, mwenye koti la kahawia, kofia nyeusi na msokoto wa nywele mgongoni, akiongea lafudhi ya vichochoro vya mji huo. Hakusoma, hana hela, anadaiwa kila upande, lakini ulimi wake hauna mshindani. Katika mchezo wa Kuhama Nyumba, mojawapo ya inayopendwa zaidi hadi leo, kodi imemshinda na anahamisha vyombo vyake kinyemela kwa msaada wa Gnafron, huku mwenye nyumba, Canezou, akimwinda. Anayeishi nyumba ya kupanga Nairobi au Mombasa haoni ugumu wowote kuuelewa.

Kuna wanaompamba Mourguet kama mwanamapinduzi. Wanazidisha. Guignol hapindui serikali. Ushindi wake ni wa tumbo na paa, na askari akishapigwa, kesho anarudi na kofia yake. Naye Madelon, mke wa Guignol, alitungwa aje kulalamika tu. Kilichowatia wakuu wasiwasi ni jambo jingine. Mourguet hakuandika chochote. Alipokea habari za asubuhi sokoni na jioni zikasikika kibandani, kila onyesho likitofautiana na la jana, na polisi hawakuwa na karatasi ya kupekua.

Alifariki Desemba 30, 1844, mjini Vienne, kusini mwa Lyon, akiwa na umri wa miaka 75. Watoto na wajukuu wake walikwisha kuingia katika kazi hiyo na wakaiendeleza. Miaka minane baadaye, utawala wa Napoleon III uliamuru michezo iandikwe na kuidhinishwa kabla ya kuonyeshwa. Amri iliyokusudiwa kuifunga midomo ndiyo iliyochangia maneno hayo yahifadhiwe. Mnamo 1865 hakimu mmoja wa Lyon, Jean-Baptiste Onofrio, alichapisha mkusanyiko wa michezo hiyo. Ni maandishi yaliyopunguzwa makali, kwani hakimu alikuwa mtu wa heshima zake, lakini bila yeye yangebaki majina matupu.

Lyon ilimjengea Mourguet mnara wa kumbukumbu mnamo 1912, na vikaragosi vya kale vya jadi hiyo huhifadhiwa katika makumbusho ya Gadagne mjini humo. Kwa Wafaransa, guignol limekuwa jina la kikaragosi cha mkononi kwa jumla. Mnamo 1988 runinga moja ya nchi hiyo iliazima jina hilo kwa kipindi cha vikaragosi vya kuwakejeli wanasiasa, kilichodumu hadi 2018. Kipindi hicho ni miongoni mwa vilivyompa mchoraji vibonzo Gado wazo la The XYZ Show, ambapo kuanzia 2009 Wakenya walianza kuwatazama viongozi wao kwenye runinga wakiwa na vichwa vya mpira.