Byang Kato, Msomi wa Biblia Aliyetoka Madhabahu ya Mizimu

Katika ukurasa huu tunakumbuka watumishi wa Mungu waliotutangulia. Mara nyingi wanakuwa Wazungu waliokuja na meli. Safari hii tunawaletea mtoto wa kijijini, Mwafrika, ambaye miaka yake ya kutumika ilikuwa michache sana na matunda yake bado tunayala.

Jina lake ni Byang Henry Kato. Ninyi mliopitia kambi za Uganda msidhani ni Mganda pacha. Huyu ni mtu wa kabila la Jaba, aliyezaliwa mwezi wa sita mwaka 1936 karibu na Kwoi, kaskazini mwa Nigeria. Wazazi wake walifuata dini ya mababu, na tangu utoto aliwekwa wakfu awe kuhani wa mizimu. Alipitishwa katika jando la kabila na kufundishwa siri zake. Tunaomba mshike neno hili, maana huko mbele litatusaidia.

Alipokuwa kijana mdogo alianza kwenda shule ya wamisioni. Huko mwalimu alieleza habari ya Nuhu na safina, na mtoto akaona wazi kwamba yeye bado yuko nje ya mlango. Akampokea Yesu. Nyumbani haikuwa rahisi. Baba hakupenda shule, na kijana alilazimika kufanya kazi ili apate karo. Wazazi wengi wa hapa Gatsata wanaijua karo ni kitu gani, hatuna haja ya kueleza.

Mwaka 1955 aliingia chuo cha Biblia cha Igbaja, na mwaka 1957 alimwoa Jummai, ambaye Mungu alimjalia naye watoto watatu. Alifundisha, na pia alifanya kazi Lagos katika gazeti la Kikristo, akijibu barua za wasomaji wenye shida za kiroho. Masomo mengine aliyafanya kwa posta, usiku, baada ya kazi. Kisha alikwenda Uingereza katika Chuo cha Biblia cha London, akapata shahada mwaka 1966. Aliporudi, kanisa lake la ECWA lilimfanya katibu mkuu akiwa na umri wa miaka 31 hivi, na wakati huo Nigeria ilikuwa katika vita vya Biafra. Mwaka 1970 alisafiri tena, kwenda Dallas huko Marekani, na masomo hayo yakamfikisha kwenye udaktari wa theolojia.

Mwaka 1973 viongozi wa makanisa ya kiinjili ya Afrika walikutana Limuru, Kenya. Umoja wao, Ushirika wa Wainjili wa Afrika na Madagaska, ulikuwa umeanzishwa hapo hapo mwaka 1966, lakini katibu mkuu Mwafrika haukuwahi kuwa naye. Wakamchagua Kato, naye akahamia Nairobi na familia yake.

Hapo ndipo vita vyake vikubwa vilianza. Miaka ile wasomi wengi wa Afrika walikuwa wanarudisha heshima ya dini za mababu, baada ya Wazungu kuzidharau kwa muda mrefu. Mmoja alikuwa John Mbiti wa Kenya, aliyefariki mwaka 2019. Kato aliogopa kwamba kwa kutafuta heshima hiyo watu watafika kusema mizimu na Kristo ni njia mbili za kwenda mahali pamoja. Mwaka 1974 alilisema jambo hilo mbele ya mkutano mkubwa wa uinjilisti huko Lausanne, Uswisi, na mwaka 1975 kitabu chake juu ya mitego ya kitheolojia katika Afrika kilichapishwa Kisumu.

Kwa maoni yetu, mahali pengine alimpiga Mbiti kwa fimbo nzito kuliko ilivyopasa. Mghana Kwame Bediako, ambaye naye alikuwa mwinjili, aliandika baadaye kwamba Kato hakuipa historia ya Waafrika kabla ya Injili nafasi ya kutosha. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Kato hakuwa mtu aliyechukia uafrika wake. Aliruhusu ngoma, nyimbo na namna zetu za kueleza habari, mradi habari yenyewe isibadilike. Na alipozungumza juu ya mizimu alikuwa anazungumza juu ya madhabahu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametolewa kwake. Wale waliozisifia dini hizo wakiwa chuoni, ni wangapi walikuwa wamepita huko?

Tunalisema hili kwa sababu ukimbizini shida inatufuata. Mtoto anaumwa, mume amepotea njiani tangu vita, na jirani mwema anakuja kumnong'oneza mama kwamba kuna mzee wa kutazama mambo ya ukoo. Jumapili yuko kanisani, Jumatatu yuko kwa huyo mzee. Kato angelijua jambo hilo bila kuelezwa.

Dawa aliyoiona ni wachungaji waliosoma Biblia vizuri, tena wasomee Afrika. Alipanga shule mbili za juu za theolojia, moja kwa Kifaransa na nyingine kwa Kiingereza. Wako kati yetu wanaosema Roho Mtakatifu anatosha, chuo ni cha nini. Tangu sheria ya mwaka 2018 hapa Rwanda, inayodai shahada ya masomo ya dini kwa wachungaji wenye usimamizi, manung'uniko hayo yameongezeka. Kato alikuwa ameitaka elimu hiyo miaka zaidi ya 40 kabla, wala hakusukumwa na serikali.

Shule hizo hakuziona. Desemba 1975 alikwenda na familia yake Mombasa kupumzika, na tarehe 19 alizama baharini. Alikuwa na miaka 39. Jummai alibaki mjane na watoto watatu, ugenini.

Shule ya Bangui, FATEB, ilifunguliwa mwaka 1977, na ile ya Nairobi mwaka 1983. Tokunboh Adeyemo, aliyemrithi Kato katika ukatibu, alisimamia kitabu cha ufafanuzi wa Biblia nzima kilichoandikwa na wasomi Waafrika 70, kikatoka mwaka 2006. Na mwishoni mwa mwaka 2013, risasi zilipojaa Bangui, mamia ya watu waliokimbia nyumba zao waliingia katika uwanja wa FATEB na watoto na mikeka yao, wakalala pale, na masomo yakaendelea katikati yao.