Isaya Mukirane: Mwalimu aliyekusanya kumbukumbu za Wakonzo

Mjini Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe unaotenganisha Uganda na Kongo, na kote wilayani Kasese, jina la Isaya Mukirane hutajwa hasa kama la mfalme wa kwanza wa Rwenzururu. Lakini kabla ya kuwa mfalme alikuwa mwalimu wa shule, na kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya kukusanya na kuhifadhi habari za watu wake.

Tangu Mkataba wa Toro wa mwaka 1900, Wakonzo na Waamba walitawaliwa chini ya ufalme wa Toro. Mwaka 1921 viongozi watatu wa Wakonzo, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa huko Kagando kwa kuupinga utawala huo. Habari zao zilibaki vinywani mwa wazee, na kila mzee aliyefariki aliondoka na sehemu yake.

Mukirane aliliona pengo hilo. Mwaka 1954 alifuatana na mwandishi Mwingereza, Tom Stacey, katika safari ndefu ya miguu kwenye vitongoji vya Rwenzori, akiwa mkalimani na mwongozaji wake. Katika miaka hiyo aliasisi chama cha utafiti wa historia ya maisha ya Wakonzo, ambacho kilikusanya masimulizi, mila na desturi, na kuwa na matawi sehemu mbalimbali za milima hiyo.

Utaratibu huo ulizaa tunda ambalo serikali ya kikoloni haikulitazamia. Watu wa mabonde yaliyo mbali walianza kujiona kuwa jamii moja yenye historia moja, na matawi yaliyopokea habari za kale yakawa pia njia ya kupitishia malalamiko ya sasa: kodi, elimu, lugha na nafasi katika utawala.

Mwaka 1962 Mukirane, pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, waliongoza wajumbe wa Wakonzo na Waamba kutoka katika baraza la Toro, wakidai wilaya yao wenyewe. Watatu hao walikamatwa na kushtakiwa. Mukirane alitorokea milimani. Tarehe 30 Juni 1962, zaidi ya miezi mitatu kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ilitangazwa kuwa huru.

Hapo njia za viongozi hao ziliachana. Wenzake waliendelea kudai wilaya, naye akajenga ufalme wenye kodi, mahakama na shule zake. Mwaka 1963 Waziri Mkuu Milton Obote alimtuma Stacey kwenda kumshawishi rafiki yake wa zamani, lakini juhudi hizo hazikufaulu. Mapigano yaligharimu maisha ya watu wengi na kuacha vijiji vikiwa majivu.

Mukirane alifariki milimani mwezi Septemba 1966, bila kuona dai lake likikubaliwa. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, alirithi kiti cha Omusinga kabla ya kutimiza miaka 15. Mwaka 1974 Wakonzo na Waamba walipewa wilaya zao, na mwaka 2009 serikali ya Uganda iliutambua rasmi ufalme wa Rwenzururu.

Kila tarehe 30 Juni wafuasi wa ufalme huo huiadhimisha siku ya tangazo lake. Historia ambayo mwalimu huyo alihofia kwamba ingezikwa pamoja na wazee ndiyo iliyowapa watu wake hoja ya kujitetea.