Aldo Leopold

Aldo Leopold (Burlington, Iowa, Marekani, 11 Januari 1887 – Wisconsin, 21 Aprili 1948) alikuwa mtaalamu wa misitu, mwalimu wa chuo kikuu na mwandishi. Anakumbukwa hasa kwa kueleza kwamba nchi iliyoondolewa wanyama wala nyama huharibika. Hata hivyo, kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotaka wanyama hao waangamizwe.

Maisha ya awali

Alikulia kando ya mto Mississippi katika familia yenye asili ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha meza za kuandikia, na ndiye aliyemfundisha kuwinda. Mwaka 1909 Leopold alimaliza masomo ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, akaajiriwa na Idara ya Misitu na kupelekwa Arizona. Mwaka 1912 alimwoa Estella Bergere, wakapata watoto watano.

Mbwa mwitu na kulungu

Mbwa mwitu anayetajwa hapa si yule mwenye mabaka wa Serengeti, bali ni mnyama mkubwa wa kijivu wa nchi za kaskazini. Wafugaji walimchukia kwa sababu alikula mifugo yao, na serikali iliajiri watu wa kumwua. Wawindaji nao walikuwa na hoja yao: mbwa mwitu wakipungua, kulungu wataongezeka. Leopold aliiamini hoja hiyo. Mwaka huohuo wa 1909, yeye na wenzake walimpiga risasi mbwa mwitu jike aliyekuwa na watoto wake, naye akamfikia kabla hajakata roho. Macho ya mnyama yule hakuyasahau, ingawa mwaka 1920 alikuwa bado anahimiza wamalizwe wote.

Alibadilika polepole, kwa kuona. Mwaka 1935 alitembelea Ujerumani, akakuta misitu isiyo na mbwa mwitu ambamo kulungu walikuwa wamemaliza vichaka na miche. Mwaka 1936 aliwinda katika milima ya Sierra Madre, Meksiko. Huko mbwa mwitu na puma walikuwa bado wapo, kulungu walikuwepo kwa kiasi, majani yalifunika udongo na mito ilikuwa safi. Tofauti hiyo ilimtosha.

Tangu 1933 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kulungu walipozidi katika jimbo hilo na kufa njaa wakati wa baridi, alishauri wapunguzwe, hata majike. Watu wengi walikasirika, naye akashambuliwa vikali hadharani. Katikati ya miaka ya 1940 aliandika kwamba mbwa mwitu wangefaa kurudishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, walikomalizwa mwaka 1926.

Kifo na yaliyofuata

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo alipokuwa akisaidia kuzima moto katika shamba la jirani. Kitabu chake mashuhuri, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka 1949.

Wazo la Yellowstone lilingoja karibu nusu karne, kwa kuwa wafugaji walilipinga. Mwaka 1995 mbwa mwitu 14 kutoka Kanada waliletwa huko, na 17 wengine mwaka 1996. Kundi la kwanza lililojiunda lenyewe baada ya hapo lilipewa jina la Leopold. Wapiti, yaani kulungu wakubwa wa huko, walipungua. Mierebi ilirefuka sehemu kadhaa za kingo za mito. Na biva, wanyama wanaojenga mabwawa kwa miti, waliongezeka. Wataalamu bado wanabishana juu ya mchango wa mbwa mwitu peke yao, maana dubu, puma, wawindaji na ukame navyo viliwapunguza wapiti, na mito iliyokwisha kuchimbika haikurudi yote katika hali yake ya zamani.

Mwaka 1998 mbwa mwitu 11 wa Meksiko waliachiwa mashariki mwa Arizona, katika misitu ileile ambako Leopold alianzia kazi.