Disney: Alipokonywa sungura, panya akamtajirisha

GWIJI wa filamu za vibonzo, Walt Disney, alizaliwa jijini Chicago, Marekani, mnamo 1901.

Mwaka wa 1928, alipoomba nyongeza ya malipo, aliarifiwa kwamba sungura Oswald, kibonzo kilichompa umaarufu, kilikuwa mali ya kampuni ya Universal. Wachoraji wake wengi nao walimhama.

Rafiki yake, Ub Iwerks, alisalia, akamchora panya Mickey, ambaye filamu yake yenye sauti ilitia fora Novemba mwaka uo huo.

Tangu hapo, Disney alilinda haki zake kwa wivu. Hata hivyo, mnamo 1941 wachoraji wake mwenyewe waligoma wakitaka chama chao kitambuliwe.

Disney aliaga dunia mwaka wa 1966. Oswald alirejeshwa kwa kampuni yake miaka 40 baadaye, mnamo 2006.