Bwana Lundbohm na Mji wa Kiruna

Kaskazini kabisa ya nchi ya Uswidi, karibu na mpaka wa Norwei, upo mji mdogo wa machimbo ya chuma uitwao Kiruna. Katika majira ya baridi jua halichomozi huko kwa majuma kadhaa. Zamani hapakuwa na mji. Walipita Wasami tu na mifugo yao.

Aliyeujenga mji huo ni Hjalmar Lundbohm, aliyezaliwa mwaka 1855. Alikuwa mjuzi wa miamba, na katika miaka ya 1890 aliipima milima ya huko akaona ina chuma tele. Kiruna ilipoanzishwa mwaka 1900, yeye alikuwa mkuu wa machimbo ya kampuni ya LKAB. Reli ilipofika Narvik, bandari ya Norwei isiyoganda barafu, mwaka 1902, chuma kikaanza kusafirishwa ng'ambo.

Katika machimbo ya jirani, Malmberget, wafanya kazi walikuwa wakilala katika vibanda vibovu. Lundbohm hakutaka aibu hiyo ifike Kiruna. Alichagua mteremko uliokingwa na upepo, na njia za mji zikapindwa ili kuuvunja upepo huo. Wafanya kazi walijengewa nyumba nzuri, ambazo watu waliziita vidau vya wino kwa umbo lake. Shule ikajengwa, na mwaka 1912 kanisa kubwa la mbao likamalizika.

Hata hivyo, machimbo na reli vilichukua malisho ya Wasami. Lundbohm aliwapenda watu hao, akamsaidia Msami Johan Turi kutoa kitabu juu ya maisha yao mwaka 1910. Lakini kitabu hakirudishi malisho.

Lundbohm aliacha kazi mwaka 1920, akafa mwaka 1926, akazikwa Kiruna.

Siku hizi uchimbaji umefika chini ya mji wenyewe, na ardhi inatitia. Kwa hiyo mji unahamishwa. Nyumba ya Lundbohm ilihamishwa mwaka 2017, na Agosti 2025 kanisa lile, lenye uzito wa tani 672, lilibebwa zima mwendo wa kilomita 5.

Ndugu wasomaji, huenda baadhi yetu tutakuja kuwa wakuu wa kazi. Lundbohm aliwajali waliochimba, lakini waliokuwapo kabla ya machimbo walipoteza. Sisi tusiwasahau wote wawili.